Iulize Katalogi Yenyewe: Kusoma Funguo za Kigeni Ndani ya PostgreSQL

Karani wa SACCOS anakupigia simu mwisho wa mwezi. Kuna mwanachama amejitoa, wanataka kumfuta kwenye mfumo, na mfumo unagoma. Unaingia kwenye seva, unajaribu mwenyewe, na jibu linakuja hivi:

```
ERROR:  update or delete on table "mwanachama" violates foreign key
        constraint "mkopo_mwanachama_id_fkey" on table "mkopo"
DETAIL:  Key (id)=(417) is still referenced from table "mkopo".
```

Jambo moja umeshalijua: jedwali la mkopo linamtegemea mwanachama namba 417. Usichojua bado ni majedwali mengine mangapi yanamtegemea. PostgreSQL inakutajia kikwazo kimoja tu, kile ilichogongana nacho kwanza, kisha inasimama. Ukikiondoa utakutana na cha pili. Aliyeujenga mfumo ameshahamia kazi nyingine, na mchoro wa majedwali aliouacha ni wa kabla ya mabadiliko ya mwaka jana.

Usiufuate mchoro. Hifadhidata inajijua yenyewe, na iko tayari kueleza. Kila ufunguo wa kigeni uliotangazwa umeandikwa kama safumlalo ndani ya majedwali ya mfumo, yaani katalogi, na unayasoma kwa SELECT ileile unayoitumia kila siku. Hilo halikutokea kwa bahati. Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM ambaye makala yake ya 1970 ndiyo iliyoweka msingi wa hifadhidata za kimahusiano, alitoa mwaka 1985 kanuni za kupimia kama hifadhidata inastahili jina hilo. Kanuni ya 4 inadai kwamba maelezo ya hifadhidata yahifadhiwe kwa namna ileile kama data ya kawaida, ili mwenye ruhusa ayaulize kwa lugha ileile.

Nitatumia PostgreSQL kwa sababu katalogi yake iko wazi kuliko nyingi, na kwa sababu utakutana nayo tu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda, unakaa juu yake. MySQL na wenzake nitawagusa baadaye, kwa haraka.

Mfano wetu

Tuchukue SACCOS yenye matawi. Namba za mikopo zinaanza upya kila tawi, kwa hiyo mkopo unatambulishwa kwa vitu viwili pamoja: tawi na namba. Hilo litatuletea ufunguo wa kigeni wenye safuwima mbili, na hapo ndipo maswali mengi yaliyoandikwa kwa haraka huharibika.

```sql
CREATE TABLE tawi (
  id    integer PRIMARY KEY,
  jina  text NOT NULL
);

CREATE TABLE mwanachama (
  id       integer PRIMARY KEY,
  jina     text NOT NULL,
  tawi_id  integer NOT NULL REFERENCES tawi (id)
);

CREATE TABLE mkopo (
  tawi_id        integer REFERENCES tawi (id),
  namba          integer,
  mwanachama_id  integer NOT NULL REFERENCES mwanachama (id),
  kiasi          numeric(14,2) NOT NULL,
  PRIMARY KEY (tawi_id, namba)
);

CREATE TABLE rejesho (
  id           bigint PRIMARY KEY,
  tawi_id      integer NOT NULL,
  mkopo_namba  integer NOT NULL,
  kiasi        numeric(14,2) NOT NULL,
  FOREIGN KEY (tawi_id, mkopo_namba)
    REFERENCES mkopo (tawi_id, namba) ON DELETE CASCADE
);

CREATE TABLE mdhamini (
  tawi_id        integer,
  mkopo_namba    integer,
  mwanachama_id  integer REFERENCES mwanachama (id),
  PRIMARY KEY (tawi_id, mkopo_namba, mwanachama_id),
  FOREIGN KEY (tawi_id, mkopo_namba)
    REFERENCES mkopo (tawi_id, namba) ON DELETE CASCADE
);
```

Jedwali linaloelekeza tuliite mtoto, linaloelekezwa tuliite mzazi. Rejesho ni mtoto wa mkopo. Mkopo ni mtoto wa mwanachama na wa tawi.

Ukiwa ndani ya psql, njia ya mkato ni `\d mwanachama`. Chini ya orodha ya safuwima utaona sehemu mbili: `Foreign-key constraints`, yaani wazazi wa jedwali hilo, na `Referenced by`, yaani watoto wake. Kwa jedwali moja hiyo inatosha. Kuna jambo ambalo wengi hawalitumii: ukiianzisha psql kwa `psql -E`, kila amri ya aina ya `\d` inakuonyesha kwanza SQL iliyotumika kupata jibu. Ni darasa la bure la katalogi, limeandikwa na wajenzi wa PostgreSQL wenyewe. Litumie kila unapokwama.

Jedwali linaloitwa pg_constraint

Masharti ya hifadhidata yamo humo: funguo msingi, funguo za kigeni, masharti ya CHECK na mengineyo. Safuwima `contype` inasema ni sharti la aina gani, na herufi ya ufunguo wa kigeni ni `f`. Swali la kwanza, ambalo litakukidhi mara nyingi kuliko unavyodhani, ni hili:

```sql
SELECT conrelid::regclass        AS jedwali,
       conname                   AS sharti,
       pg_get_constraintdef(oid) AS maelezo
FROM   pg_constraint
WHERE  contype = 'f'
AND    conparentid = 0
ORDER  BY conrelid::regclass::text, conname;
```

Kwa SACCOS yetu linarudisha safumlalo 6. Hizi ni mbili kati yake:

```
mkopo   | mkopo_mwanachama_id_fkey         | FOREIGN KEY (mwanachama_id)
                                             REFERENCES mwanachama(id)
rejesho | rejesho_tawi_id_mkopo_namba_fkey | FOREIGN KEY (tawi_id, mkopo_namba)
                                             REFERENCES mkopo(tawi_id, namba)
                                             ON DELETE CASCADE
```

Tuangalie vipande vyake. `conrelid` ni namba ya ndani ya jedwali mtoto. Ukiigeuza kwa `::regclass` unapata jina, na kama jedwali liko kwenye skima isiyo katika njia yako ya utafutaji, jina la skima linatangulizwa lenyewe. Kwenye ORDER BY nimeongeza `::text` kwa makusudi: regclass hupangwa kwa namba iliyofichika na si kwa alfabeti, ndiyo maana orodha bila nyongeza hiyo huonekana kama imechanganywa ovyo.

`pg_get_constraintdef` inakuandikia sharti zima kama ulivyolitangaza, tayari kwa kunakiliwa kwenye ALTER TABLE. Na `conparentid = 0` inahusu majedwali yaliyogawanywa vipande. Kwenye majedwali hayo ufunguo mmoja uliotangaza unazaa safumlalo nyingi ndani ya pg_constraint, moja kwa kila kipande, na bila kichujio hicho utadhani una funguo mia wakati una 4. Safuwima hiyo ipo tangu toleo la 11.

Majina ya masharti yana kisa chake. Kuanzia toleo la 12, jina linalotungwa na PostgreSQL yenyewe hutaja safuwima zote za ufunguo. Kabla ya hapo lilitaja ya kwanza tu, na ufunguo wetu wa rejesho ungeitwa `rejesho_tawi_id_fkey`. Kwa hiyo usiandike programu inayokisia maana kutoka kwenye jina. Mifumo iliyopandishwa toleo kwa miaka mingi huwa na majina ya mitindo yote miwili humohumo.

Herufi moja, uamuzi mzito

Ukitaka kuchuja kwa kanuni za kufuta, maandishi ya pg_get_constraintdef hayafai sana. Soma `confdeltype` kwa upande wa kufuta na `confupdtype` kwa upande wa kubadilisha. Kila moja ina herufi moja: `a` ni NO ACTION, `r` ni RESTRICT, `c` ni CASCADE, `n` ni SET NULL, `d` ni SET DEFAULT. Herufi `a` ndiyo inayowekwa usiposema chochote.

Tofauti ya `a` na `r` huonekana ndogo mpaka siku utakapoihitaji. Zote mbili hukataa mzazi mwenye watoto asifutwe. Lakini NO ACTION inaweza kuahirishwa hadi mwisho wa muamala, kama sharti lilitangazwa kuwa DEFERRABLE (safuwima `condeferrable` inakuambia), hivyo unaweza kumfuta mzazi kwanza na kuwashughulikia watoto kabla ya COMMIT. RESTRICT haingoji.

Herufi ya kuogopa ni `c`. Swali la kwanza ambalo ningemshauri mtu aliyekabidhiwa mfumo wa fedha aliulize siku ya kwanza ni hili:

```sql
SELECT conrelid::regclass AS watakaofutwa,
       confrelid::regclass AS akifutwa_huyu,
       conname
FROM   pg_constraint
WHERE  contype = 'f' AND confdeltype = 'c' AND conparentid = 0;
```

Kwenye mfano wetu litakuonyesha kwamba mkopo mmoja ukifutwa, marejesho yake yote na wadhamini wake wote wanapotea kimyakimya. Marejesho ni risiti za pesa za watu. Aliyeweka CASCADE pale alikuwa anajirahisishia majaribio, na hakuna mkaguzi atakayemwelewa.

Safuwima kwa safuwima

Sasa tuseme unahitaji kujua ni safuwima ipi ya mtoto inaelekea ipi ya mzazi, kila jozi kwenye mstari wake, labda kwa ajili ya kuandika nyaraka au kuchora mchoro mpya. pg_constraint ina orodha mbili: `conkey`, yenye namba za safuwima za mtoto, na `confkey`, yenye namba za safuwima za mzazi. Zimepangwa sambamba, ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Majina yenyewe yako `pg_attribute`.

```sql
SELECT c.conrelid::regclass  AS mtoto,
       a.attname             AS safuwima_ya_mtoto,
       c.confrelid::regclass AS mzazi,
       b.attname             AS safuwima_ya_mzazi,
       k.nafasi
FROM   pg_constraint c
CROSS  JOIN LATERAL unnest(c.conkey, c.confkey)
         WITH ORDINALITY AS k (m, z, nafasi)
JOIN   pg_attribute a
       ON a.attrelid = c.conrelid  AND a.attnum = k.m
JOIN   pg_attribute b
       ON b.attrelid = c.confrelid AND b.attnum = k.z
WHERE  c.contype = 'f' AND c.conparentid = 0
ORDER  BY c.conrelid::regclass::text, c.conname, k.nafasi;
```

Moyo wa swali hili ni ile `unnest` yenye orodha mbili ndani ya mabano mamoja. Inazikunjua pamoja, jozi kwa jozi, na WITH ORDINALITY inahifadhi nafasi. Ukizikunjua kila moja peke yake kwenye FROM, unapata kila safuwima ya mtoto ikioanishwa na kila safuwima ya mzazi, na ufunguo wa rejesho unatoa mistari 4 badala ya 2, miwili ikiwa ya uongo. Namna hii ya unnest inakubalika tangu toleo la 9.4, kwa hiyo hakuna seva ya leo itakayoikataa.

Namba za `attnum` usizihesabu kwa macho kutoka kwenye `\d`. Safuwima ikifutwa, namba yake haitumiki tena, inabaki pengo. Jedwali lenye safuwima 5 linaweza kuwa na attnum inayofika 9. Daima unganisha na pg_attribute kwa namba na si kwa nafasi kwenye orodha.

Kwa nini siipendi information_schema kwa kazi hii

Utakutana na watu wanaokushauri utumie information_schema kwa hoja kwamba ni ya kiwango cha SQL na inafanya kazi kwenye hifadhidata nyingi. Hoja ni nzuri. PostgreSQL inayo tangu toleo la 7.4 la mwaka 2003. Swali linalonakiliwa zaidi huonekana hivi:

```sql
SELECT tc.table_name, kcu.column_name,
       ccu.table_name, ccu.column_name
FROM   information_schema.table_constraints tc
JOIN   information_schema.key_column_usage kcu
       ON kcu.constraint_name = tc.constraint_name
JOIN   information_schema.constraint_column_usage ccu
       ON ccu.constraint_name = tc.constraint_name
WHERE  tc.constraint_type = 'FOREIGN KEY';
```

Lina kasoro tatu, na mbaya zaidi ni ya mwisho.

Kwanza, `constraint_column_usage` haina safuwima ya mpangilio, kwa hiyo funguo zenye safuwima mbili zinarudi zikiwa zimezidishana, kosa lilelile la unnest mbili. Pili, kiwango cha SQL kinadhani jina la sharti halijirudii ndani ya skima, lakini PostgreSQL inakuruhusu kutumia jina moja kwenye majedwali tofauti. Watu wakiyaita masharti yao `fk1` na `fk2` kwenye kila jedwali, JOIN ya jina pekee inayachanganya yote chungu kimoja.

Tatu ni ruhusa. Mitazamo ya information_schema hukuonyesha tu kile ambacho mtumiaji wako ana haki ya kukiona kwa mujibu wa kiwango, na haki hiyo ni finyu kuliko unavyotarajia. `table_constraints` inahitaji uwe mwenye jedwali au uwe na ruhusa juu yake zaidi ya SELECT. `constraint_column_usage` ni kali zaidi: inaonyesha majedwali yanayomilikiwa na wewe au na kundi lako. Sasa fikiria mchambuzi aliyefunguliwa akaunti ya kusoma tu, kama inavyotakiwa. Anaendesha swali hilo, linarudi tupu, bila kosa lolote, bila onyo. Anaandika kwenye ripoti yake kwamba mfumo hauna funguo za kigeni. Na mfumo unazo 6.

pg_constraint haina tabia hiyo. Kwa mipangilio ya kawaida inasomwa na kila mtu aliyeingia kwenye hifadhidata. Kwa hiyo, isipokuwa unaandika zana ambayo lazima ifanye kazi kwenye hifadhidata za aina nyingi, achana na information_schema kwa suala la funguo za kigeni.

Maswali yanayolipa

Turudi kwa karani aliyepiga simu. Nani wanamtegemea mwanachama?

```sql
SELECT conrelid::regclass AS jedwali, conname,
       pg_get_constraintdef(oid) AS maelezo
FROM   pg_constraint
WHERE  contype = 'f' AND confrelid = 'mwanachama'::regclass;
```

Jibu: mkopo na mdhamini. Hilo la pili lisingeonekana kwenye ujumbe wa kosa mpaka umalize la kwanza. Na kwa kuwa aliyejitoa anaweza kuwa mdhamini wa mkopo wa mtu mwingine ambao haujaisha, jibu sahihi kwa karani ni kwamba mwanachama hafutwi. Ongeza safuwima ya hali, mwandike kuwa amejitoa, na historia ya pesa ibaki ilivyo.

Ukitaka kujua mnyororo mzima wa CASCADE kuanzia jedwali fulani, uliza kwa kujirudia:

```sql
WITH RECURSIVE mnyororo AS (
  SELECT oid, conrelid, confrelid, confdeltype
  FROM   pg_constraint
  WHERE  contype = 'f' AND confrelid = 'mkopo'::regclass
  UNION
  SELECT c.oid, c.conrelid, c.confrelid, c.confdeltype
  FROM   pg_constraint c
  JOIN   mnyororo m ON c.confrelid = m.conrelid
  WHERE  c.contype = 'f' AND m.confdeltype = 'c'
)
SELECT confrelid::regclass AS mzazi,
       conrelid::regclass  AS mtoto,
       confdeltype
FROM   mnyororo;
```

Nimetumia UNION na si UNION ALL kwa sababu moja: kuna majedwali yanayojielekeza yenyewe, kama mfanyakazi na msimamizi wake, na mengine yanayoelekezana kwa mzunguko. UNION inatupa safumlalo zilizokwisha kuonekana, na swali linaisha. UNION ALL ingezunguka mpaka uikate mwenyewe.

Swali jingine linalolipa linahusu kasi. PostgreSQL hutaka safuwima za mzazi ziwe na ufunguo msingi au upekee, kwa hiyo huko indeksi ipo daima. Kwa upande wa mtoto haikutengenezei chochote. Ukimfuta mzazi, hifadhidata lazima imtafute kila mtoto. Bila indeksi inasoma jedwali zima la mtoto, kwa kila safumlalo ya mzazi inayofutwa. Jedwali la marejesho likifika mamilioni, kufuta mkopo mmoja kunageuka kuwa safari. Tafuta zilizokosa:

```sql
SELECT c.conrelid::regclass AS jedwali, c.conname
FROM   pg_constraint c
WHERE  c.contype = 'f'
AND NOT EXISTS (
  SELECT 1
  FROM   pg_index i
  WHERE  i.indrelid = c.conrelid
  AND    i.indisvalid
  AND    i.indpred IS NULL
  AND    (i.indkey::int2[])[0:cardinality(c.conkey) - 1] @> c.conkey
);
```

Mstari wa mwisho unauliza kama safuwima za mwanzo za indeksi ndizo hizohizo za ufunguo, bila kujali zimetangulizana vipi. Hesabu inaanzia 0 kwa sababu `indkey` ni ya aina ya kale inayoanza kuhesabu hapo. Kwa SACCOS yetu swali linarudisha 4: mwanachama kwa tawi, mkopo kwa mwanachama, rejesho kwa mkopo, na mdhamini kwa mwanachama. Mdhamini kwa mkopo hayumo, kwani ufunguo msingi wake unaanza na safuwima hizohizo mbili. Si lazima uziwekee zote indeksi. Matawi hayafutwi, na ya kwanza kati ya hizo 4 unaweza kuiacha. Ya rejesho usiiache.

Sharti lililopo, lakini halijahakikiwa

Kuwepo kwa ufunguo kwenye katalogi hakuthibitishi kwamba data ni safi. Ufunguo ukiongezwa kwa NOT VALID, safumlalo mpya hukaguliwa na za zamani huachwa. Alama yake ni `convalidated` kuwa false. Toleo la 18 la mwaka 2025 limeongeza `conenforced`, kwani sasa unaweza kutangaza ufunguo ambao hautekelezwi kabisa. Ziangalie safuwima zote mbili.

Kuna njia nyingine ya uchafu kuingia, na hii haiachi alama kwenye pg_constraint. Kabla ya toleo la 7.3 la mwaka 2002 jedwali hilo halikuwepo. Ufunguo wa kigeni ulikuwa kundi la triga tu. Hadi leo triga ndizo zinazofanya kazi ya ulinzi, na triga huweza kuzimwa. Mtu anayehamisha data ya zamani kutoka Excel huandika `ALTER TABLE rejesho DISABLE TRIGGER ALL`, anapakia, kisha ama anaziwasha tena bila ukaguzi wowote, ama anasahau. Waliosahau utawakamata hivi:

```sql
SELECT tgrelid::regclass AS jedwali, tgname
FROM   pg_trigger
WHERE  tgconstraint <> 0 AND tgenabled = 'D';
```

Waliowasha tena huwezi kuwakamata kwenye katalogi. Kwao dawa ni kutafuta mayatima ndani ya data yenyewe:

```sql
SELECT r.*
FROM   rejesho r
LEFT   JOIN mkopo m
       ON m.tawi_id = r.tawi_id AND m.namba = r.mkopo_namba
WHERE  m.namba IS NULL;
```

Na kwa funguo za safuwima mbili zinazoruhusu NULL, kumbuka `confmatchtype`. Ikiwa `s`, ambayo ndiyo ya kawaida, safuwima moja tu ikiwa NULL ukaguzi wote unarukwa. Jedwali letu la rejesho limeepuka hilo kwa NOT NULL.

Kuna mahusiano ambayo hayajatangazwa kabisa, yanaishi ndani ya programu pekee. Katalogi haiyajui, lakini inaweza kukupa dalili: safuwima zinazoishia na `_id` zisizo ndani ya ufunguo wowote.

```sql
SELECT a.attrelid::regclass AS jedwali, a.attname
FROM   pg_attribute a
JOIN   pg_class t ON t.oid = a.attrelid
JOIN   pg_namespace n ON n.oid = t.relnamespace
WHERE  t.relkind IN ('r', 'p') AND n.nspname = 'public'
AND    a.attnum > 0 AND NOT a.attisdropped
AND    a.attname LIKE '%\_id'
AND NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM pg_constraint c
  WHERE  c.contype = 'f' AND c.conrelid = a.attrelid
  AND    a.attnum = ANY (c.conkey)
);
```

Kwingineko

MySQL inakurahisishia: jedwali `key_column_usage` la information_schema yake lina nyongeza `referenced_table_name` na `referenced_column_name`, kwa hiyo huhitaji JOIN. Kanuni za kufuta ziko `referential_constraints`. Ukikabidhiwa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao Eldoret ni mojawapo ya mahali ulipoanzia kutumika, jaribu kuuliza nani wanaelekea jedwali la `users`. Orodha ni ndefu ajabu, kwa sababu karibu kila jedwali linakumbuka nani aliandika na nani alibatilisha. Injini ya InnoDB inakutengenezea indeksi ya mtoto yenyewe. Injini ya MyISAM inakubali tangazo la ufunguo wa kigeni na kulipuuza, kwa hiyo kwenye hifadhidata kuukuu angalia injini kwanza.

SQLite ina `PRAGMA foreign_key_list('rejesho')`, na `PRAGMA foreign_key_check` inayokutafutia mayatima. Lakini ulinzi wenyewe huwa umezimwa hadi uuwashe kwa kila muunganisho. SQL Server ina `sys.foreign_keys` na `sys.foreign_key_columns`, humo tazama `is_disabled` na `is_not_trusted`. Oracle ina `all_constraints` kwa aina ya `R`, ukiunganisha na `all_cons_columns` kwa `position`.

Maswali haya yahifadhi kwenye faili moja ndani ya mradi wako, uyaendeshe kila unapokabidhiwa hifadhidata na kila kabla ya kufuta kitu. Na hata kama una mamlaka yote ya msimamizi, usiibadilishe pg_constraint kwa UPDATE ili kugeuza CASCADE kuwa RESTRICT. Triga zitaendelea kufanya zilichozoea na katalogi itasema kingine. Ondoa sharti kwa ALTER TABLE, uliweke jipya kwa NOT VALID, kisha ulihakiki kwa VALIDATE CONSTRAINT.